Chumba cha Fundi

Seremala alikuwa amejiapiza kwamba siku ya kukabidhi funguo hatalia. Hatalia mbele ya mwenye nyumba, hatalia mbele ya mama wa mwenye nyumba, na hata akifika kwake hatalia. Maishani mwake alikwisha kukabidhi nyumba kumi na nne. Zote alizifagia mwenyewe, akawapa wenyewe funguo, akapokea asante, akapakia zana zake na kwenda zake akipiga mluzi. Hii ya kumi na tano ilikuwa na nini hata imlize?

Ilikuwa nayo mengi, tusidanganyane.

Kwanza, haikuwa nyumba. Ilikuwa shule, tena shule ya zamani hasa, ya mawe yaliyochongwa kwa mkono, yenye paa la mteremko mkali na kijumba cha kengele kileleni. Upande wa mbele ilikuwa na milango miwili. Juu ya mmoja, kwenye jiwe refu linalobeba ukuta, yalichongwa maandishi WAVULANA, na juu ya wa pili WASICHANA. Ukishaingia kwa mlango wako uliopangiwa, unajikuta katika ukumbi uleule mmoja na wale wa mlango mwingine, sasa sijui waliojenga walikuwa wanamdanganya nani. Madirisha yalianzia juu ya kichwa cha mtoto, ili mwanga uingie na macho yasitoke.

Kwa miezi minane seremala alikuwa ameigeuza shule hiyo kuwa makazi ya mtu. Ukuta wa mbao wa kukunja, uliokuwa ukiugawa ukumbi kuwa madarasa mawili, aliutia bawaba mpya hadi ukawa unasukumwa kwa kidole. Ofisi ya mwalimu mkuu ikawa chumba cha kulala cha mwenye nyumba. Stoo ya vitabu ikawa jiko. Jukwaa la mwalimu aliliacha palepale, likawa pa kuweka meza ya chakula, na ubao mweusi uliojengewa ukutani nyuma yake alikataa katakata kuubomoa. Hata zile ndoano za kutundikia mikoba, zilizopigiliwa kimo cha kiuno cha mtu mzima, alizisugua kutu moja moja. Ukitundika koti lako pale linaburuta sakafuni, lakini utazing'oaje?

Pili, alikuwepo mwenye nyumba.

Huyo alikuwa mshonaji, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mfupi kidogo kuliko seremala, na futi ya kitambaa haimtoki shingoni. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyeshona sare za shule ile hadi ilipohamishiwa majengo mapya. Maneno yake yalikuwa machache, na hata hayo machache mara nyingi yalipita katikati ya pini alizobana midomoni. Siku ya kwanza ya kazi alimwita seremala "fundi," naye seremala akamwita "fundi," maana wote wawili ni mafundi na hakuna aliyeona sababu ya kujisumbua zaidi.

"Umeamkaje, fundi?"

"Salama tu, fundi. Wewe je?"

"Mzima. Chai hii hapa, fundi."

Ukiwasikia kwa mbali ungedhani ni mtu mmoja anajisemesha.

Mapenzi yalimwingia seremala lini, hata mwenyewe hawezi kuapa. Pengine ni siku ile alipokuwa juu kwenye kenchi za paa, akatazama chini, akamwona mshonaji ameishika ngazi kwa mikono miwili, hajaagizwa na mtu, na chai yake inapoa pembeni. Pengine ni siku mfuko wa koti lake la kazi ulipochanika. Alilivua wakati wa chakula, na alipolirudia alikuta mfuko umeshonwa, mshono maradufu, wa kubeba misumari miaka kumi. Mshonaji hakusema lolote. Seremala naye hakusema, lakini mchana ule alipinda misumari mitatu mfululizo, yeye ambaye watu humwita kufundisha wengine.

Halafu kuna ile siku ya ramani, miezi mitatu iliyopita. Mshonaji aliitandaza juu ya jukwaa la mwalimu, akaonyesha darasa la nyuma, ambalo lilikuwa bado halijapewa kazi. Hapo alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa kujitahidi: Chumba cha Fundi.

"Hapa," alisema, "nataka mlango mpana. Futi nane. Sakafu ya saruji. Umeme kila ukuta." Jasho lilikuwa limemtoka puani na wala hakukuwa na joto. "Umeelewa, fundi?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa kabisa? Chumba cha fundi?"

"Nimeelewa, jamani, kwani mimi mtoto?"

"Na umekubali?"

"Nimekubali. Kwa nini nisikubali?"

Mshonaji aliikunja ramani nyuma mbele, akatoka kwa mlango wa wasichana, akavuka barabara akicheka peke yake. Seremala alimtazama akaona raha. Kumbe mtu anaweza kukifurahia chumba cha kushonea kiasi hicho! Akaamua kwamba hicho chumba atakitengeneza kwa moyo wake wote, akifunge kwa ufunguo, na mwenyewe asikione mpaka kiishe.

Sasa wiki moja iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Mzee mmoja mwenye kiwanda cha samani, mji wa mbali, mwendo wa siku mbili, alimpigia seremala simu. Alikuwa ameziona kazi zake, akamtaka awe msimamizi wa mafundi wake wote. Seremala aliomba muda. Jioni alimweleza mshonaji, huku moyo ukimwomba: nizuie, sema neno moja tu, hata la uongo.

Mshonaji alitoa pini zote mdomoni. Alimtazama mpaka seremala akainamisha uso.

"Umeshaamua?"

"Bado."

"Basi vizuri," alisema mshonaji. "Safari njema."

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Chai haikuletwa. Seremala alimalizia kazi peke yake katika jengo lililokuwa na mwangwi wa kila kikohozi, akijisema: umeyataka mwenyewe, nani alikutuma kumpenda mteja? Mzee wa kiwanda alikuwa amempa mwisho. Leo, saa nane mchana, atapiga na anataka jibu. Seremala alishaliandaa. Angekubali aende. Akibaki hapa afanye nini, awe anapita barabarani akichungulia taa za nyumba aliyoijenga mwenyewe?

Saa saba na robo walifika, mshonaji na mama yake. Mshonaji aliingia kwa mlango wa wavulana. Mama yake, mwembamba, mkongojo mkononi, alisimama nje akayasoma yale maandishi juu ya mlango wa pili, kisha akaingia kwa mlango wa wasichana.

"Shikamoo, mama," alisema seremala.

"Marahaba." Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama juu. "Miaka sita nimepita mlango huu. Ulikuwa mkubwa kuliko hivi."

"Mlango ni uleule, mama. Wewe ndiye umekua."

"Hm," alisema mama. Hakucheka, ila hakununa.

Mshonaji alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Alikuwa amekonda. Wiki moja tu na mtu amekonda! Seremala alitamani kumuuliza anakula nini.

"Habari za leo," alisema mshonaji.

Hakuongeza fundi. Seremala alilisubiri lile neno, halikuja, na likamchoma kuliko tusi.

"Nzuri. Tuanze ukaguzi, nina simu ya saa nane."

"Najua," alisema mshonaji.

Walianzia chumba cha mama, ambacho zamani kilikuwa darasa la watoto wadogo kabisa. Kitanda kilishawekwa. Seremala alimwomba mama akae.

"Sijachoka."

"Kaa tu, mama, uone kitu."

Mama alikaa, akageuza uso dirishani. Madirisha yote ya jengo lile yalikuwa juu, lakini hili moja seremala alikuwa amelikata ukuta wake kwenda chini hadi usawa wa goti. Mawe yenyewe yana unene wa mkono mzima. Ilimbidi aushikilie ukuta kwa magogo, atoe jiwe moja moja kwa wiki mbili, huku akisali jengo lisimwangukie. Sasa kutoka kitandani mtu aliiona barabara nzima, watu wanaopita na mizigo yao, na duka la mwanawe ng'ambo, mlango wazi.

"Darasa hilihili," alisema mama polepole, "nilichapwa kwa kupanda juu ya dawati nitazame nje. Ilikuwa inapita bendi. Niliisikia, sikuiona." Alivuta pumzi. "Nani alikuagiza ulikate hivi?"

"Hakuna, mama. Mwanao alinisimulia kwamba asubuhi miguu inakusumbua, unakaa kitandani saa nzima kabla ya kuinuka. Nikaona hiyo saa nzima utazame ukuta kwa kosa gani?"

Mama aliupapasa ukingo wa dirisha. Ulikuwa laini kama sahani. Alimgeukia mwanawe.

"Huyu ana akili," alisema. Kisha, kwa sauti ileile, kana kwamba mwenyewe hayupo: "Pamoja na hayo yanayosemwa."

"Yapi, mama?" aliuliza mshonaji.

"Kwamba aliachika."

Chumba kilipoa. Seremala alijikaza kisabuni, akaangalia bawaba za mlango ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

"Mama, tafadhali," alisema mshonaji.

"Mimi nimesema nini? Nimesema ana akili. Haya, nionyesheni na chumba cha huyo fundi wako." Mama aliinuka. "Maana huyu mwanangu tangu aniambie kuna fundi atahamia tukae naye, namuuliza anakula nini, anavuta sigara au havuti, analala mapema au ni mtu wa redio, hanijibu. Anacheka tu."

Seremala aligeuka. Fundi atahamia? Kwa hiyo chumba kile si cha mshonaji mwenyewe. Ni cha fundi mwingine. Na fundi gani huyo ambaye mtu akiulizwa habari zake anacheka tu? Mshonaji wa kike, si mwingine! Yule aliyekuwa akitajwa sana kule sokoni, mwenye mikono ya dhahabu, mshona magauni ya maharusi. Mwezi mzima ameumimina moyo wake katika chumba kile, kumbe anamtandikia mwenzake.

Alitoa ufunguo hata hivyo. Kazi ni kazi.

Mlango ulifunguka, harufu ya mbao mpya ikawapokea. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia nguo, kimo cha kumfaa mtu mfupi kidogo, pembe zake zimeviringwa ili kitambaa kisinase. Ukuta mmoja ulikuwa na vijidroo sitini, kila kimoja kwa rangi yake ya uzi. Mahali pa cherehani palikuwa chini ya dirisha, upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie sindano. Sakafu ilikuwa ya mbao, imepigwa randa hadi inang'aa. Mbao zile hazikuwa za mteja. Zilikuwa zake seremala, alizokuwa amezitunza miaka tisa bila kujua anazitunzia nini.

Mama alishika mdomo kwa mshangao. Mshonaji hakutazama meza, hakutazama droo. Alikuwa amegeuka nyuma anautazama mlango.

"Mlango uko wapi?"

"Huo hapo, tumeingilia."

"Nilisema futi nane."

"Najua ulisema." Seremala alijitahidi sauti isitetemeke. "Lakini mlango wa futi nane, upepo ukiingia, vitambaa vyote vinaruka. Na vumbi la barabara linatua kwenye nguo za watu. Futi tatu zinatosha. Hata saruji nimeona haifai, inatia baridi miguuni mtu akikanyaga cherehani kutwa, nikaweka mbao."

"Akikanyaga cherehani nani?"

"Wewe! Au huyo... huyo atakayehamia. Sijui."

"Mimi nina duka!" Kwa miezi minane hakuwahi kupaza sauti, na sasa iliruka hadi kwenye kenchi za paa ikarudi. "Nina duka ng'ambo ya barabara, lina cherehani tatu! Hapa nishone nini, fundi?"

"Uliandika Chumba cha Fundi!"

"Ndiyo!"

"Sasa fundi ni nani?"

"Fundi ni wewe!"

Mama alitazama huyu, akatazama yule.

"Ni wewe," alirudia mshonaji, chini zaidi. "Ubao wa futi kumi na sita utapitaje kwenye mlango wa futi tatu? Utaukunja? Saruji ni kwa sababu ulisema mashine ya kupasulia inatikisa sakafu ya mbao. Umeme kila ukuta ni kwa sababu siku zote unalalamika waya zinakukwaza. Nilikuwa nakusikiliza. Kila ulilosema nililiandika."

Seremala aliketi juu ya meza ya kukatia nguo maana hapakuwa na kiti.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza! Nilikuuliza umeelewa, ukasema umeelewa. Nikakuuliza umeelewa kabisa, ukasema wewe si mtoto. Nikakuuliza umekubali, ukasema kwa nini nisikubali." Alihesabu kwa vidole kama shahidi aliyeapishwa. "Miezi mitatu mimi natembea barabarani nikijua nina mchumba. Suti nimeshajishonea, imetundikwa dukani, wateja wanaiulizia bei. Halafu unakuja kuniambia umepata kazi mji wa mbali. Nikasema, basi, ameghairi. Nisimng'ang'anie mtu."

"Miezi mitatu nina mchumba na mimi sijui?"

"Sasa ningejuaje kama hujui?"

Seremala alitaka kucheka, alitaka kumrushia kitu, alitaka kumkumbatia, hakujua aanze na lipi.

"Ngojeni kwanza," alisema mama, akigonga mkongojo sakafuni. "Huyo fundi atakayehamia, unayecheka nikimuulizia, ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mimi nimeshamnunulia kitanda cha futi mbili na nusu! Nilidhani ni mwanamume mwenzako, mshonaji! Nimemwambia jirani tunapata mpangaji!"

"Mama, sikusema mpangaji. Nilisema fundi."

"Na fundi si mtu yeyote? Anayeziba pancha ni fundi, anayetengeneza redio ni fundi!" Mama alitafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea droo za uzi. Uso wake ulibadilika, mzaha ukatoka. Alimwelekea seremala. "Sikiliza, binti. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nitasema, na mwanangu akasirike. Kuna mmoja alimwahidi huyu, wiki moja kabla ya harusi akabadili nia. Mwaka mzima huyu hakushona nguo ya harusi ya mtu. Wakija maharusi anawaelekeza kwa washonaji wengine. Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko, mtu mzima. Sasa wewe uliachika huko, na leo una simu ya saa nane ya kwenda mji mwingine. Niambie. Hapa utaondoka lini?"

"Mama!"

"Niache niulize. Mimi ndiye nitakayebaki naye."

"Muache aulize," alisema seremala. "Ana haki." Alishuka mezani akasimama wima. "Sikuachika, mama. Niliondoka. Mume wangu alinitaka nichague, yeye au randa. Nikamwomba siku tatu nifikirie. Siku ya pili yake alizitupa zana zangu nje, na mvua inanyesha. Nikaziokota moja moja, nikazifuta, nikaenda zangu. Tangu hapo najenga nyumba za watu. Nikimaliza nakabidhi funguo. Nyumba kumi na nne, mama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kwenye ramani yake mahali pa kuweka randa yangu." Sauti ikakatika. "Ndiyo maana sikuelewa. Si kwamba mimi mjinga. Sikujua kwamba inawezekana kuwa mimi."

Na hapo machozi aliyokuwa ameyaapia yakamtoka, bila haya, mbele ya mwenye nyumba na mbele ya mama wa mwenye nyumba.

Mshonaji alipiga hatua, akasita, akamwangalia mama yake. Mama alikuwa ametazama pembeni, anakuna kidevu, anajifanya anasoma rangi za nyuzi ambazo hazikuwemo drooni bado. Alikohoa.

"Wewe," alimwambia mwanawe hatimaye, "nani alikufundisha kumposa mwanamke kwa ramani?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu! Miaka arobaini na mitatu! Kama una neno, liseme kwa mdomo, nami niko hapa nalisikia. Na yeye ajibu nimsikie. Kama jibu lake ni la kwenda, aende leo hii, asiende mwakani nikawa sina tena nguvu ya kushika kijiko." Akameza mate. "Na kama ni la kukaa, kile kitanda nitakirudisha."

Simu ikalia.

Ililia mfukoni mwa koti la kazi, kwenye mfuko ulioshonwa maradufu, na chini ya paa lile la shule ilisikika kama kengele ya kuingia darasani. Saa nane kamili. Seremala aliitoa akaishika asiipokee, akaangalia jina, akamwangalia mshonaji.

"Pokea," alisema mama. "Usimweke mzee wa watu njia panda."

Alipokea. Mzee wa kiwanda alikuwa mtu wa kuongea na simu kana kwamba anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto, na kila mmoja mle chumbani alimsikia vizuri.

"Enhe, binti! Saa nane ndiyo hii! Nipe jibu langu, nina watu watatu mlangoni wanaitaka nafasi yako!"

"Nakusikia, mzee. Nilikuwa..."

"Nakupenda," alisema mshonaji.

Alikuwa amemkaribia, futi imemning'inia upande mmoja, mikono haijui iende wapi. Hakunong'ona. Alisema kama mtu anayesoma kwa sauti darasani, aliyeogopa zamu yake wiki nzima na sasa imefika.

"Nimekupenda tangu ulipokataa kuubomoa ule ubao. Ningekwambia siku ileile, nikaogopa. Nikaandika kwa penseli, hata wino sikuthubutu. Mlango huu tutaubomoa. Ukiupenda hivi ulivyo, tutauacha, mimi nitakupitishia mbao zako dirishani moja baada ya nyingine mpaka nizeeke. Na kama unataka ile kazi ya huko, nenda, sitakuzuia, cherehani hubebeka, mimi na mama tutaangalia namna ya kukufuata. Ila siwezi tena kukuambia safari njema. Nilipokuambia nusura nife."

"Haloo?" ilisema simu. "Binti, upo? Naona kuna redio inakuingilia hapo!"

Mama alifunika uso kwa kiganja, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Utakubali nikuoe?" aliuliza mshonaji.

"Binti! Ndiyo au hapana?"

Seremala alimtazama mshonaji. Aliutazama ule uso mpole uliokonda kwa wiki moja, jasho puani, macho yasiyokwepa tena. Hakuona haja ya kuomba siku tatu.

"Ndiyo," alisema.

"Safi sana!" simu ilipiga kelele. "Nilijua tu! Basi Jumatatu asubuhi nakutumia gari, ujiandae na..."

"Samahani sana, mzee," alisema seremala, akijifuta machozi kwa bega maana mkono mwingine ulikuwa tayari umeshikwa. "Hiyo haikuwa yako. Yako ni hapana."